Filimbi Zilizolala

Mambo haya yalitokea mwaka 2008, katikati ya kipupwe, majira ambayo mito hupungua na maporomoko ya maji huonekana mapole machoni pa watu wasioyajua. Jumamosi moja, familia ya daktari wa meno ilipanda mlimani kuyatazama: baba, mama, binti wa miaka sita, mwana wa miaka mitatu, na yaya wao. Walipanda watano kwa miguu yao. Walioteremka kwa miguu yao walikuwa wanne.

Jumanne asubuhi yaya alikuwa mahabusu, na kesho yake alikuwa apandishwe kizimbani kwa shtaka la kusababisha kifo kwa uzembe.

"Jalada limeiva, afande," alisema Sajini, kijana mnene aliyefanya mzaha hata mahali pasipostahili mzaha. "Limebaki kupakuliwa tu."

"Jalada linaloiva upesi hivi, mara nyingi ndani ni bichi," Inspekta alimjibu. "Fungua mlango."

Inspekta alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, asiyependa kuketi alipokuwa akihoji. Alisimama ukutani. Yaya aliketi kwenye benchi la saruji, bila mshipi wala kamba za viatu, mikono ameipachika kwapani kwa sababu ya baridi.

"Nimeshasema, mama," alisema yaya. "Nilitumwa."

"Na nani?"

"Na Daktari. Yeye na mama watoto walikuwa wanapanda ngazi kwenda lile jukwaa la juu, watoto nimebaki nao chini kwenye jiwe. Akarudi ngazi chache chini, akaniita, akasema mama anaona baridi, nikalete makoti garini. Nikamwuliza, na hawa? Akasema, 'Sisi tupo hapa juu tu. Chiriku ana filimbi yake.'"

Chiriku ndilo jina walilompa yule binti, kwa kuwa hakunyamaza tangu alipojua kusema. Ndugu yake waliyemzika walimwita Kifaru, kwa kuwa alikimbia kwanza akatazama baadaye.

"Daktari ameandika kwamba hakukutuma. Ameandika kwamba ulijiondokea kwenda kupiga simu."

"Simu mnayo nyinyi. Itazameni."

"Tumeitazama," alisema Sajini. "Hukupiga. Pengine uliwaza kupiga."

"Kwani kule mtandao upo?"

Sajini alitazama viatu vyake.

"Hii habari ya filimbi," Inspekta alisema. "Nieleze."

"Ni sheria ya Daktari. Kila wakitoka matembezi, kila mtoto na filimbi shingoni. Ukipotea au ukiogopa, usikimbie, usipige makelele kama mtoto asiyelelewa. Kaa chini palepale, puliza mara tatu, mkubwa atakuja. Walizoezwa sebuleni kama askari, mama. Daktari anajificha chumbani, mtoto anakaa kwenye zulia, anapuliza, Daktari anatokea. Hata mimi nikiwa jikoni na mikono ina unga, lazima nije mbio."

"Na Jumamosi?"

"Nilikuwa nimerudi nusu ya njia, makoti nimeyakumbatia. Sikusikia filimbi. Nilipokaribia, nilimsikia mama watoto akilia. Mimi najua nitafungwa. Neno langu na neno la Daktari ukiyaweka kwenye mizani, langu halifiki uzito wa sindano. Ila nataka mtu aniambie kwa nini mtoto hakupuliza. Yule mtoto hufuata sheria kuliko mimi."

Inspekta alimpa Sajini jalada. "Bichi," alisema.

*

Nyumba ya daktari ilikuwa na sebule iliyopangwa sawasawa: viti vinne, meza moja, zulia jekundu lisilo na doa. Mama wa watoto aliwafungulia akiwa amejifunga kitenge cha msiba, uso umekauka.

"Mume wangu yupo kliniki," alisema. "Wagonjwa walikuwa na miadi. Meno ya watu hayajui msiba."

"Kule jukwaani, mama, mlisikia nini?"

"Maji."

"Filimbi?"

"Haikulia. Ingalilia, tungaliisikia."

"Mtoto mwenyewe anasemaje?"

Mama alielekeza kidevu chake chini ya meza. Miguu miwili midogo yenye soksi ilionekana hapo. "Siku ileile alisema alipuliza. Baba yake akamwambia asituongezee uongo juu ya msiba. Tangu hapo hajasema neno. Chiriku wangu, aliyekuwa anaongea hata usingizini."

"Yaya alitumwa makoti?"

"Mimi nilikuwa nimetangulia kwenye ngazi. Sikusikia akitumwa, sikusikia akikatazwa." Alikaza fundo la kitenge. "Kweli nilikuwa naona baridi."

"Ulimwambia nani?"

"Mume wangu."

Inspekta hakuliandika jibu hilo. Alivua viatu, akapiga magoti, akaingia chini ya meza. Sajini aligeukia dirisha kuficha uso wake. Mtoto alikuwa ameketi amekunja miguu, na ndani ya ngumi yake mlikuwa na filimbi ya plastiki, ya manjano, iliyofungwa kwa kamba shingoni.

"Hampi mtu hiyo filimbi," mama alisema kutoka juu. "Hata baba yake. Anaiomba tangu Jumamosi, anataka kuiosha. Anasema ina matope."

Inspekta aliitazama. Palipoonekana kati ya vidole vya mtoto, ilikuwa safi kama kijiko.

Alitoa kipyenga chake cha kazi, cha chuma, akakiweka zuliani katikati yao.

"Hiki ni changu," alisema. "Nimekaa nacho tangu nilipoanza kazi. Nataka tubadilishane kwa muda. Wewe ukae na changu, mimi niende na yako. Nikimaliza, nitairudisha."

Mtoto alikitazama kipyenga kwa muda mrefu.

"Lini?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa imekwaruza.

"Nikimaliza."

"Watu wakubwa wote wanasema nikimaliza."

"Ni kweli, wanasema. Lakini askari asiye na kipyenga hawezi kufanya kazi. Kwa hiyo sina budi kurudi."

Mtoto aliifikiria hoja hiyo, akaivua kamba shingoni. Alipoweka filimbi kwenye kiganja cha Inspekta, hakuiachilia mara moja.

"Nilikaa," alisema. "Nikapuliza. Haikuamka."

"Nini hakikuamka?"

Mtoto alifumba mdomo, akakivaa kipyenga, akageukia ukuta.

*

Ndani ya gari Inspekta aliipuliza filimbi ya manjano. Pumzi ilimrudia mdomoni. Sajini alitafuta njiti ya kibiriti kwenye kisanduku cha mbele cha gari.

"Acha. Kielelezo hakichokonolewi kwa njiti."

"Si baba mtu amesema ni matope, afande?"

"Nipe ile bahasha ya hospitali."

Katika bahasha mlikuwa na vitu alivyokutwa navyo Kifaru: viatu viwili, soksi moja, na filimbi nyekundu. Inspekta aliifuta, akaipa Sajini. Sajini aliipuliza, na mwanamke aliyekuwa akipita barabarani akaruka pembeni.

"Nzima," alisema Sajini.

"Sasa fikiri. Aliyetumbukia majini, akaingia matopeni, ndiye mwenye filimbi safi. Aliyekaa pakavu juu ya jiwe, ndiye mwenye filimbi iliyoziba. Yale maji ya kule yana akili gani?"

Sajini alifikiri mpaka mwisho wa barabara. "Labda pia haisikiki kule, afande. Maporomoko yana kelele. Hata ikiwa nzima, labda mzazi angaliweza kukosa kuisikia."

"Ndiyo maana tunakwenda huko."

Walipanda kwa gari hadi getini, kisha kwa miguu hadi kwenye maji. Maporomoko yalikuwa membamba, yakiteremka ukutani kama kitambaa kilichoanikwa, lakini chini yake bwawa lilikuwa jeusi na la kina. Ukingoni palikuwa na jiwe pana, nusu yake kavu, nusu yake imeota ukungu wa kijani. Inspekta alimwacha Sajini pale akapanda ngazi za mbao hadi jukwaani. Alipoinua mkono, Sajini alipiga kipyenga chake mara tatu. Mlio ulipita juu ya mngurumo wa maji, ukagonga mwamba, ukarudi.

Alimwashiria kwa mkono apige kelele kwa kinywa. Sajini alipanua mdomo mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Inspekta aliona mdomo; sauti hakuisikia.

Alishuka polepole. "Ulisema nini?"

"Nilisema nina njaa, afande."

"Sikukusikia. Lakini kipyenga nimekisikia vizuri. Sheria ya Daktari ilikuwa nzuri, Sajini. Mtoto aliifuata yote."

Mlinzi wa geti alikuwa mzee mwenye koti kubwa kuliko yeye. Alilikumbuka gari la daktari bila kusaidiwa.

"Yule binti wa kazi alirudi akachukua makoti," alisema. "Matatu. Hakuongea na mtu, alikuwa anaharakisha. Nilisema hivyo Jumamosi, lakini aliyekuwa anaandika alisema tutarudia hilo baadaye."

Inspekta alimtazama Sajini. Sajini alianza kuandika.

"Na walipofika asubuhi? Kitu chochote kisicho cha kawaida?"

"Kisicho cha kawaida, hapana. Ila kulikuwa na kichekesho. Gari likiwa bado kule bondeni, kwenye zile kona, nilisikia filimbi. Kelele, mama, kama kuna mpira unachezwa. Halafu zikakatika. Nikajua baba amekasirika, kawanyang'anya. Lakini gari lilipofika hapa, nachungulia dirishani, ni baba na watoto tu, na watoto wote wawili wana filimbi midomoni. Mashavu yamevimba hivi, wanapuliza, na hakuna kinacholia. Wanacheka mpaka machozi. Nikawauliza, vipi, zimeharibika? Yule mkubwa akaniambia, 'Hapana babu, zimelala. Baba ataziamsha tukifika.'"

Mlinzi aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Nimesema vibaya?"

"Umesema vizuri, baba," Inspekta alimjibu. "Mwandikie hapo, Sajini. Neno kwa neno."

*

Kliniki ilinuka dawa ya kusukutulia. Mgonjwa wa mwisho alikuwa akitoka, shavu limevimba, upande mmoja wa mdomo wake umelegea kwa ganzi. Daktari aliwakaribisha akiwa amevaa koti jeupe lililopigwa pasi, akavua barakoa. Alikuwa mtu nadhifu, na hata macho yake mekundu yalikuwa na unadhifu fulani.

"Inspekta. Nilidhani kila kitu kipo kwenye maelezo yangu."

"Kipo kingi. Nimekuja kwa kilichobaki. Ulimtuma yaya makoti?"

"Nimeshajibu."

"Mlinzi alimwona akiyachukua. Makoti matatu."

"Basi alijituma. Watu hawa hupenda kuonekana wana bidii wakati usiofaa."

"Alijuaje kwamba mkeo anaona baridi, na mkeo alikwambia wewe peke yako, ngazini?"

Daktari alichukua kitambaa akaanza kupangusa vyombo vyake, ambavyo vilikuwa safi. "Msibani watu huchanganya mambo. Labda nilimtuma. Hilo halibadilishi kitu. Mtoto alikuwa na filimbi, na hakupuliza."

Inspekta alikwenda kwenye kabati la kioo. Juu yake palikuwa na chupa pana iliyojaa pamba ndogo zilizoviringishwa, ngumu, nyeupe, kila moja kama kidole cha mtoto mchanga.

"Hizi ni za nini?"

"Za kufyonzea mate, ninapofanya kazi kinywani."

"Hukaa nazo mfukoni pia?"

Daktari aliutazama mfuko wa koti lake. Pamba mbili zilichungulia hapo. "Mazoea ya kazi. Kila nguo yangu ina pamba. Mke wangu hulalamika akifua."

Inspekta aliitoa filimbi ya manjano, akaiweka katika sinia ya chuma, chini ya taa.

"Niazime kibano."

Daktari hakujongea. Maji ya bomba la kutemea mate yalikuwa yakizunguka katika beseni lake dogo. Inspekta alinyoosha mkono kwenye safu ya vyombo, akachukua kibano mwenyewe.

"Hapana," alisema Daktari. "Utaichana. Niachie mimi."

Alivaa glavu. Alivuta taa karibu, akaishika filimbi kwa mkono wa kushoto, akaingiza kibano kwa mkono usiotikisika, akazungusha kidogo, akavuta. Pamba ilitoka nzima, imekuwa ya kijivu kwa mate yaliyokauka. Aliilaza katika sinia. Inspekta alichukua nyingine chupani akailaza kando yake. Urefu mmoja, unene mmoja.

"Sajini, umeona?"

"Nimeona, afande." Kwa mara ya kwanza siku hiyo, hakuongeza kitu.

Daktari aliketi kwenye kiti cha wagonjwa.

"Zile kona ni mbaya," alisema. "Humtapisha mama yao, kwa hiyo yeye na yaya walikuwa wameshuka kupanda kwa njia ya mkato. Watoto walikuwa nyuma ya kichwa changu, wanapuliza kwa pamoja. Nilisimamisha gari. Sikuwagombeza. Niliwatilia pamba, nikawaambia filimbi zimelala. Walifurahi."

"Na uziamshe mkifika."

"Tulipofika kulikuwa na mikoba, viatu, Kifaru anataka kukojoa. Nikasahau."

"Ulikumbuka lini?"

"Niliposhuka nikamkuta amekaa." Alivua glavu moja, akaishikilia. "Amekaa chini kama nilivyomfundisha. Ndugu yake yumo majini mbele yake, na yeye amekaa, mashavu yamevimba, bado anapuliza."

"Filimbi ya Kifaru uliitoa pamba garini, mkimpeleka hospitali?"

"Nilikuwa nimempakata. Mama yao akiendesha."

"Na hii ya pili ukaikosa, kwa kuwa mtoto hakukupa."

"Inspekta, una watoto?"

"Tusizungumze juu yangu. Kusahau ni kwa binadamu wote, Daktari. Kwa hilo ningalikuja kwako na pole. Lakini Jumapili, mkitoka kuzika, ulikuja kituoni, ukaketi, ukaandika kurasa mbili kwa hati nzuri, ukatia sahihi. Hapo hukusahau kitu. Uliandika kwamba hukumtuma yaya, ukaacha kutaja pamba, na binti yako ukamwita mwongo."

"Ningaliwezaje kumwambia mama yao?"

"Kwa hiyo ukaona heri umwambie mtoto wa miaka sita kwamba ndiye aliyemwua ndugu yake."

"Sikusema hivyo."

"Yeye amesikia hivyo. Muulize, kama atakujibu."

Daktari aliangalia sinia. Hatimaye alisema, "Nipeni karatasi."

*

Yaya alitolewa mahabusu jioni ile. Sajini mwenyewe ndiye aliyemletea mshipi, kamba za viatu na simu, akavipanga kaunta kama muuza duka.

"Samahani, dada," alisema mwishowe. "Kazi yetu ndivyo ilivyo."

Yaya alipitisha kamba katika matundu ya kiatu, tundu kwa tundu.

"Kifaru walimzika Jumapili?"

"Ndiyo. Jumapili."

"Nilimlea tangu ana wiki mbili," alisema yaya. "Sikumtupia hata udongo." Alifunga kiatu cha pili, akatoka. Hakwenda nyumbani kwa daktari kuchukua nguo zake. Alimtuma dada yake.

Daktari alishtakiwa kwa uzembe na kwa kutoa maelezo ya uongo. Alikiri yote mawili, akapewa dhamana akisubiri hukumu. Mwendesha mashtaka alisema kwamba kesi isiyobishaniwa haihitaji filimbi, inatosha picha yake na ile pamba. Siku hiyohiyo Inspekta aliiomba kwa maandishi, akaiosha, akaenda.

Mama ndiye aliyefungua mlango. Daktari alikuwa ameketi kwenye kiti cha pembeni kabisa, kama mgeni aliyekuja kuomba kazi. Kati ya mume na mke palikuwa na viti viwili vitupu. Chiriku alikuwa zuliani, kipyenga cha chuma kifuani.

"Nimemaliza," Inspekta alimwambia.

Alimpa filimbi ya manjano. Mtoto aliipokea, akavua kipyenga, akakirudisha kwa mikono miwili kama alivyofundishwa kumpa mtu mzima kitu.

"Daktari," alisema Inspekta, "na wewe una chako cha kurudisha."

Ilimchukua muda. Mkewe hakumsaidia hata kwa kumtazama.

"Chiriku," alisema. "Ulipuliza. Mimi ndiye niliyeilaza filimbi, nikasahau kuiamsha. Hukusema uongo. Mimi ndiye niliyesema uongo."

Mtoto alichungulia ndani ya filimbi, upande huu na upande ule. Kisha akarudi nyuma mpaka katikati ya zulia, akaketi, akakunja miguu, akaiweka mdomoni. Akapuliza mara tatu.

Mlio ulijaza sebule, ukaingia vyumbani, ukamtoa mama machozi ambayo hakuwa ameyatoa mbele ya mtu. Mtoto hakumwangalia mama yake. Alikuwa anautazama ule mlango wa chumbani, mahali ambapo katika mazoezi yao mkubwa hutokea.

Inspekta alisimama kando ya mlango wa mbele.

Daktari aliinuka. Aliipita meza, akaingia chumbani, akatoka tena kwa mlango ule ambao mtoto alikuwa akiutazama, akaja mpaka zuliani, akapiga magoti mbele yake.

"Nimekuja," alisema.

"Umechelewa," alisema Chiriku.

"Ndiyo," baba yake alijibu. "Nimechelewa."